Skrini Pana ya Rra-Ludo

Tangu kampuni ilipomshusha kwenye lori, Habangana alikuwa hakaliki. Akikaa kitini, goti linamcheza. Akisimama, anazunguka yadi. Pikapu yake aliiosha ikiwa safi, akaiosha tena, akafungua boneti na kukagua oili ambayo haikuwa imepungua hata tone. Mkewe, Mma-Ludo, alimtazama kupitia dirisha la jikoni huku akikanda unga wa phaphatha, mikate yao ya bapa, na kila mume wake alipopita mbele ya dirisha alijisemea moyoni, huyu mwishowe atanichimbia mtaro hapa nyumbani kwa nyayo zake.

Alikuwa dereva wa masafa tangu ujanani. Kutoka Francistown, nchini Botswana, hadi Nata, Kazungula, avuke aingie Zambia, apite Lusaka mpaka kwenye migodi ya kaskazini, arudi na shaba. Kabati lake la nguo lilikuwa nusu tupu kwa sababu nguo zake nyingi ziliishi ndani ya kabini. Halafu, majira ya baridi yaliyopita, daktari wa macho aliyeletwa na kampuni akampima na kumwambia ana presha ya macho, tena si ya jana wala juzi, na leseni ya magari makubwa haitaongezwa. Akampa dawa ya matone, akamwagiza aende hospitali ya rufaa akachunguzwe zaidi.

Ile chupa ya matone Habangana aliitia kwenye droo ya soksi, na hospitali hakwenda.

"Mimi namwona kunguru aliyekaa juu ya mnara wa simu," alimwambia yeyote aliyesimama kumsikiliza. "Nasoma namba ya gari lililo kule mwisho wa barabara. Macho gani hayo mabovu? Wanatuondoa sisi wenye mishahara ya zamani wachukue vijana. Presha ni kisingizio tu."

Na kweli, kunguru alikuwa anamwona.

Binti yao, Ludo, ambaye kwa jina lake wao waliitwa Rra-Ludo na Mma-Ludo, baba na mama Ludo, alikuwa mpima ardhi. Nusu ya kazi yake ilikuwa porini na nusu mbele ya kompyuta, na jioni akitoka kazini alikuwa na mapenzi ya michezo ya kompyuta ambayo mama yake aliyaona kuwa ndiyo yaliyomchelewesha kuolewa. Siku moja alikuja na kompyuta yake ya zamani, usukani wa kuchezea na pedeli zake, akavifunga juu ya meza ya sebuleni.

"Baba, kaa hapa."

"Mchezo wa watoto?"

"Kaa kwanza, matusi baadaye."

Ulikuwa mchezo wa kuendesha malori, na kuna vijana fulani wa Johannesburg waliokuwa wameongezea humo barabara za kusini mwa Afrika. Habangana alikaa kwa shingo upande, akashika usukani, akatia gia. Mara akaona mbele yake barabara ya Nata, imenyooka, kavu, na vichaka vile vile vya mopane pande zote mbili.

"Tembo wako wapi?"

"Hawajawachora."

"Basi hawajawahi kufika hao," alisema, lakini hakuinuka. Chai aliyoletewa ikapoa. Mma-Ludo alipopita aliliangalia goti la mumewe. Lilikuwa limetulia. Akarudi jikoni kwa kunyata, kama mtu aliyemlaza mtoto msumbufu.

Utulivu huo haukufika mbali. Wiki ilikuwa haijaisha, Habangana akaanza kulalamika juu ya saiti mira.

"Hii nini hii nyuma yangu? Gari au ng'ombe? Saiti mira imejaa uji!"

Ludo akamweleza. Skrini ile ilikuwa ya zamani, ya 1080. Picha yote hutengenezwa kwa nukta, na saiti mira ni kipande kidogo tu cha picha, kwa hiyo hupata nukta chache. Akitaka aone nyuma vizuri, anunue skrini yenye nukta nyingi zaidi, ya 1440, au ile ya 4K yenye nyingi kupita kiasi. "Ila usikimbilie nukta tu, baba. Kila nukta inachorwa na kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta, tena mara sitini kwa sekunde. Ukiipa kadi dhaifu skrini ya 4K, picha zitakuwa zinakwamakwama."

"Ni kama kufunga trela zito kwenye kichwa cha gari kidogo. Mlimani unalala."

"Hapo hapo. Wewe chukua inchi ishirini na saba ya 1440, na kadi ya kati. Inakutosha kabisa."

Neno "inakutosha" halikumwingia vizuri. Lilifanana na maneno aliyoambiwa na ofisa wa kampuni siku ya kumuaga.

Kuanzia hapo akapata njia mpya ya kutokutulia. Asubuhi akishakunywa uji wake anatoka na pikapu, Mma-Ludo akidandia upande wa pili na kisingizio chake cha siku hiyo, mara nyanya, mara uzi wa kushonea, na wanashuka mjini. Mama huyo alikuwa amezidi kusema njiani siku hizi. "Mbuzi hao. Kuna mtoto na baiskeli. Teksi hiyo inataka kuingia." Habangana alidhani umri umemtia woga, akamwachia aseme.

Duka alilolipenda lilikuwa la Tumediso, bwana mmoja mnene aliyetembea na taulo begani kwa ajili ya jasho. Baada ya siku chache Tumediso akamwekea kiti, na Habangana hakukikalia hata mara moja. Alisimama mbele ya skrini moja, akahamia nyingine, akarudi ya kwanza, akauliza ya kadi, akashika maboksi na kuyageuza nyuma kusoma herufi ndogo.

"Rra, nukta hazitaongezeka kwa kuzikodolea," Tumediso alimtania. "Wateja wengine wanadhani nimeajiri mkaguzi."

"Ukaguzi wenyewe nakufanyia bure. Ile 4K, kwa kadi hii hapa, itakimbia?"

"Itatembea."

"Sitaki ya kutembea."

"Basi shuka 1440. Ndivyo alivyosema na binti yako, alinipigia. Au nimekosea kukwambia?"

Siku hiyo hiyo ndipo macho yake yalipoangukia skrini pana. Ilikuwa imewekwa peke yake ukutani, imepinda kama upinde, upana wake sawa na skrini mbili zilizokaa bega kwa bega. Tumediso alikuwa ameiwashia picha ya barabara ya milimani. Habangana akasimama katikati yake. Barabara ikamzunguka pande zote. 

"Hii ndiyo kabini," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Rra, hilo ni dude. Nukta zake zinakaribia za 4K. Kadi ya kati itaibeba kwa kuhema, upunguze vivuli, upunguze majani ya miti. Na una meza ya kuitosha?"

"Meza nitapigilia mwenyewe."

"Mma, msaidie mzee," Tumediso alimgeukia Mma-Ludo, aliyekuwa mlangoni na nyanya zake.

"Mimi nimesaidia miaka mingi, mwanangu. Leo ni zamu yako."

Akainunua, pamoja na kadi ya kati. Mchana kutwa akapigilia meza, na jioni ile skrini ikakaa sebuleni na kuufunika ukuta mzima, hata picha ya harusi ikabidi ihamie chumbani.

Asubuhi akaketi kwenye kabini yake mpya. Akatoka Francistown ya kwenye mchezo akiwa na mzigo wa saruji. Saiti mira ya kulia ilikuwa angavu kama maji. Aliweza kuona hata kamba ya turubai inavyopepea. Akafurahi, akapiga honi bila sababu. Akafika pahali barabara inapopanuka, akawasha indiketa ya kushoto, akahamia kushoto. Kishindo. Trela likainama, saruji ikamwagika. Basi jeupe lilikuwa limebanwa ubavuni mwake.

"Limetoka wapi hili?"

Akaanza tena. Safari hii aligonga pikapu ya bluu. Ya tatu, akaparamia ukingo wa kushoto wa daraja. Akasimama, akazunguka yadi, akarudi. Kishindo.

"Picha inachelewa," alimwambia Mma-Ludo. "Kadi hii haina nguvu. Gari linakuwa pale, lakini kadi haijalichora bado, mpaka nimeshaligonga ndipo inalileta."

Mma-Ludo alifuta mikono kwenye aproni yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Labda," alisema.

Akashusha ubora wa picha, akaondoa vivuli, akaondoa majani, mpaka miti ya mopane ikawa kama fito zilizochomekwa. Kishindo. Akarudi dukani, akaongeza pesa, akachukua kadi kubwa kabisa aliyokuwa nayo Tumediso, ndefu kama mkate wa dukani na yenye feni tatu. Ilipowashwa ilivuma sebuleni hata jirani akauliza kama wamenunua jokofu. Picha sasa ilikuwa laini kama siagi.

Kishindo. Kushoto.

Kwa siku mbili Habangana hakula vizuri. Alichomoa waya za upande wa kushoto na kuzichomeka upya. Alisogeza meza mbali na dirisha akidhani ni mwanga. Hatimaye akampigia simu Tumediso na kumwambia ameuziwa skrini mbovu, upande mmoja unaficha magari, na kama hiyo ndiyo biashara yake, mji wote utajua.

Jumamosi Tumediso akaja na taulo lake, na Ludo naye alikuwepo. Tumediso akakaa kwenye usukani, tumbo likigusa meza. Akaendesha vibaya, akifunga breki ovyo na kucheka mwenyewe, ila alipohamia kushoto alingoja lori moja lipite kwanza, kisha akahamia. Hakugonga kitu.

"Bahati," Habangana alisema. "Rudia."

Akarudia. Akapisha teksi, akahamia.

"Rra, ningefurahi iwe mbovu. Ningekubadilishia tukamaliza. Lakini hii ni nzima."

"Inuka hapo."

Habangana akakaa. Wote watatu walisimama nyuma yake, na chumba kilijaa mvumo wa ile kadi. Alipokuwa anawasha indiketa ya kushoto, Ludo akanyoosha mkono akabonyeza kitufe, na mchezo ukaganda.

"Baba, usigeuze kichwa. Tazama barabara pale mbele kabisa, kwenye kile kibao. Unakiona?"

"Nata, kilomita ishirini na mbili. Nakisoma hata nikiwa nimelala."

"Bila kukiachia macho. Kushoto kwako kuna nini?"

"Hakuna kitu. Lami, na kichaka."

Tumediso, mtu wa maneno, alikuwa anajifuta shingo na kuangalia sakafu.

"Sasa geuza kichwa," Ludo alisema.

Akageuza. Basi jeupe lilikuwa pale, kubwa, limejaza theluthi nzima ya skrini, hata dereva wake aliyechorwa alionekana na kofia yake. Akarudisha macho kwenye kibao. Basi likayeyuka. Mahali pake palikuwa na lami na kichaka, au kitu alichodhani ni lami na kichaka. Akageuza. Basi. Akarudisha. Hakuna basi. Alifanya hivyo mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumfumania mwizi.

Kisha akainuka, akawapita wote, akatoka nje.

Alizunguka yadi. Mwanzoni hakuwa akifikiri kitu. Miguu tu ilikuwa ikienda. Alipofika kwenye pikapu alisimama upande wa kushoto, akapiga goti, akapitisha kiganja kwenye mlango. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu juu ya gurudumu, rangi nyekundu imeingia ndani ya nyeupe. Mkwaruzo ule alikuwa amemsingizia mtu wa maegesho. Chini yake kulikuwa na mwingine, ambao hakuwahi kuuona. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mma-Ludo akaja akasimama karibu yake.

"Huu wa pili ni wa lini?" aliuliza bila kuinua uso.

"Wa nguzo ya geti la kanisani. Ulidhani ni jiwe."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ndiyo maana kila siku una safari ya nyanya."

"Nyanya zimeoza jikoni, Rra-Ludo. Nimezitupa ndoo nzima. Ulidhani nazipenda kiasi hicho?"

Hapo ndipo hasira ikampanda. "Kwa nini hukuniambia? Umenikalia kushoto miezi yote hiyo ukinitajia mbuzi, kana kwamba mimi ni kipofu anayesindikizwa kanisani!"

"Nilikwambia!" Mma-Ludo naye alikuwa ameshafika mwisho. "Nilikwambia siku ile ile uliyoificha chupa kwenye soksi. Ukaniuliza kampuni imenilipa pula ngapi. Mbele ya dada yangu! Basi nikasema, haya, kama hataki kusikia, nitapanda. Tukifa tufe wote. Unajua nilivyokuwa nakanyaga breki kwa mguu wangu, na kwangu hakuna breki?"

Mkewe akainua aproni akajifuta macho, kwa ukali, kama anayefuta sufuria, akarudi ndani. Habangana alibaki palepale mpaka jua likamfuata na kumchoma kisogo. Alikuwa anajaribu kukumbuka safari zake za mwisho za shaba, ubavu wa kushoto, vijiji, watoto wanaosimama ukingoni kupungia malori mkono. Hakukumbuka kugonga kitu. Lakini hata ile nguzo ya kanisa hakuwa anaikumbuka.

Aliporudi sebuleni Tumediso alikuwa bado yupo, anakunywa chai, kwa kuwa Mma-Ludo hakumruhusu kuondoka bila kula.

"Ile ndogo bado unayo?" Habangana alimuuliza.

"Ipi, Rra?"

"Unajua ipi. Ya huyu binti mjuaji."

Wakakokotoa pamoja, na safari hii Habangana alikaa. Ludo akakata karatasi kwa ukubwa wa inchi ishirini na saba, akaibandika ukutani, akamsogeza babake na kiti nyuma kidogo kidogo, akimwambia atazame katikati, mpaka pembe zote nne za karatasi zikaingia kwenye sehemu ambayo macho yake yaliifikia. Pale wakaweka alama sakafuni kwa chaki. Kwa umbali ule, 4K ingekuwa kupoteza nukta, na 1080 ingerudisha uji kwenye saiti mira. Ikawa 1440, na kadi ya kati ile ya mwanzo. Tumediso akaipokea skrini pana na ile kadi ndefu, akapunguza kiasi kwa sababu maboksi yalikuwa yameshachanwa, na Habangana akabishana naye juu ya maboksi hayo kwa nguvu zote, hata Mma-Ludo akacheka huko jikoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ufunguo wa pikapu aliuweka juu ya meza mbele ya Ludo. Ludo akauchukua.

Jumatatu wakaenda hospitali ya rufaa. Ludo aliendesha, na Habangana aliteseka njia nzima kwenye kiti cha kushoto. Alishika dashibodi, alishika mlango, alimwambia apunguze, alimwambia aongeze, mpaka Ludo akasema, "Baba, ukiendelea nitakushusha utembee," na yeye akasema ingekuwa salama zaidi. Kwenye foleni ya wagonjwa alikaa, akasimama, akaenda kusoma matangazo ukutani, akarudi. Mzee mmoja aliyekuwa na bandeji jichoni alimuuliza kama amefungiwa injini.

Walipomwita ndani, muuguzi alimkalisha mbele ya mashine nyeupe iliyofanana na bakuli kubwa lililolala ubavu, akamziba jicho moja, akamwekea kidevu mahali pake na kumpa kitufe mkononi.

"Presha ya macho hula pembeni kwanza, Rra. Tazama taa ya katikati tu. Usihamishe jicho. Vitone vya mwanga vitatokea sehemu mbalimbali. Ukiona kimoja, bonyeza. Usipoona, usibonyeze."

Taa zikazimwa. Kitone kikamulika juu, akabonyeza. Kulia, akabonyeza. Kulia tena, chini. Akabonyeza, na kidole kikapata mwendo wake. Halafu hakuona kitone kingine. Alisikia mashine ikilia ndani yake, kijisauti kidogo cha kitu kinachosogea, kikisimama, kikisogea tena, na akaelewa kwamba mwanga ulikuwa unatupwa mahali fulani hivi sasa, kushoto, na kwamba angeweza kubonyeza kwa kufuata sauti hiyo tu, na labda mashine isingejua. Goti lilianza kumcheza chini ya meza. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe.

Hakubonyeza. Mashine ikalia, ikasimama, ikalia. Giza lilikuwa refu, na muuguzi akainama karibu na bega lake.

"Rra? Hujalala?"

"Niko macho, Mma," Habangana alisema. "Nasubiri kuona."